Magugu Juu ya Kaburi la Nyanya

Leo tutazungumza juu ya makaburi ya babu na nyanya zetu. Najua wengine mmeshaanza kukemea. Tulieni. Nitapitia Uchina kwanza, halafu Kaloleni, na mwisho kuna tangazo.

Sisi watu wa Miritini tumekaa karibu na Wachina kuliko Wakenya wengi. Walikuja na reli. Vijana wetu walifunga vyuma nao, mama zetu wakawauzia mahamri na mbaazi asubuhi kando ya barabara ya vumbi, na tarehe 31 Mei 2017 treni ya abiria ya SGR ikazinduliwa hapa kwetu, rais akiwa ndani. Wengi wao waliondoka kazi ilipokwisha. Wachache walibaki, wakaoa, wakazaa. Lakini ni nani kati yetu aliyewahi kumuuliza mmoja wao: kwenu, mzee akifa, baada ya mazishi mnamfanyia nini?

Mimi nililazimika kuuliza, kwa sababu ya dada mmoja wa ushirika wetu. Amenipa ruhusa kusimulia, jina naliacha. Mume wake ni Mchina, fundi wa mitambo aliyekuja na reli akabaki, na wana mtoto wa kiume wa miaka sita. (Walioana kabla dada hajaokoka. Hilo tusilijadili leo.) Mume hajampokea Bwana, lakini hamzuii mkewe, na mara mbili tatu amekuja ibadani mwenyewe akakaa benchi la nyuma karibu na feni.

Bwana huyu alilelewa na nyanya yake mkoani Hunan. Baba na mama walikuwa mbali, wanafanya kazi kiwandani, wanarudi mara moja kwa mwaka wakati wa mwaka mpya wa Kichina. Huko kwao kuna mamilioni ya watoto waliokua hivyo. Na ukitafakari, hata kwetu Kaloleni na Ganze wapo: mama yuko Saudia, baba yuko bandarini, mtoto yuko kwa hawe.

Nyanya huyo alifariki mwaka 2021. Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Uchina ilikuwa imefunga mipaka, na haikufungua sawasawa hadi Januari 2023. Mjukuu aliyafuata mazishi kwa simu, saa kumi alfajiri, akiwa ameketi kitandani katika chumba cha kupanga hapa Miritini. Aprili mwaka jana alipata likizo, akamwambia mkewe: twende wote, na mtoto, tukafagie kaburi.

Dada akaja kwangu amefadhaika. "Pasta, nikienda wataniambia niiname. Nikiinama nitakuwa nimemkana Yesu? Na mtoto je, si watamfungia roho za ukoo wao?"

Kwanza tuelewe jambo lenyewe, maana tuna tabia ya kukemea kitu tusichokijua hata jina. Sikukuu hiyo inaitwa Qingming. Huangukia Aprili 4 au 5, kama siku 15 baada ya ile siku ya Machi ambayo mchana na usiku hulingana. Tangu 2008 ni siku ya mapumziko ya kitaifa huko China bara. Familia husafiri kurudi kijijini, na kazi ya kwanza ni ya mikono: kung'oa majani, kufagia, kuzibua mfereji wa maji ya mvua, kupaka rangi upya maandishi ya jina juu ya jiwe. Baada ya hapo ndipo linakuja lile linalotupa sisi shida. Huweka chakula, matunda, chai au pombe. Huwasha udi wa vijiti. Huinama au kupiga magoti. Huchoma karatasi zilizochapwa kama noti, ili marehemu apate matumizi huko aliko. Siku hizi kuna hata magari ya karatasi na simu za karatasi. Kisha watoto husimuliwa huyu alikuwa nani, alitoka wapi, alivumilia nini.

Na hawafanyi kwao tu. Nenda Dar es Salaam, Gongo la Mboto. Kuna makaburi ya Wachina waliokufa wakijenga reli ya TAZARA, ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi kule Zambia, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975. Wamelala pale karibu watu 70, mawe yamepangwa kwa mistari, majina yamechongwa. Kila mwaka Qingming ikifika, watu wa ubalozi wao hupeleka maua. Xi Jinping alipozuru Tanzania Machi 2013, alikwenda kusimama pale. Sasa linganisha na reli yetu ya kwanza, iliyoanza hapa Mombasa mwaka 1896. Vibarua wa Kihindi karibu 2,500 walikufa katika ujenzi wake, na Waafrika hakuna aliyejisumbua kuwahesabu sawasawa. Nionyesheni wanakofagiliwa.

Basi nilimwambia dada amlete mumewe. Tulikaa watatu ofisini kwangu, ile ya mabati nyuma ya kanisa, jioni, joto la Machi mnalijua. Nikamuuliza bila kuzunguka: "Ukiinama pale, unamwomba nyanya yako kitu?"

Kiswahili chake ni kile cha kazini, lakini alinijibu vizuri kuliko wahubiri wengi ninaowajua. "Mimi hapana omba nyanya. Mimi sema asante. Mimi sema pole, nimechelewa."

Nikanyamaza kidogo. Halafu nikauliza juu ya zile pesa za karatasi. Akacheka kwa aibu. Akasema nyanya yake alikuwa maskini sana, alikuwa anakula wali mtupu ili yeye apate yai. "Kama huko iko kitu, yeye pata. Kama hapana iko, karatasi tu."

Hapo niliona mambo mawili yamefungwa katika furushi moja. Kazi ya mchungaji ni kulifungua.

Tuanze na lile tusilolikubali, asije mtu kesho akasema Pasta amelegeza kamba. Hatuwaombi wafu, hatuwaulizi wafu, hatuwalishi wafu. Kumbukumbu la Torati 18 imefunga mlango huo, na Sauli alipoubisha kule Endori katika 1 Samweli 28 hakupata msaada, alipata habari za kifo chake. Liko andiko jingine ambalo hatulisomi sana, Kumbukumbu la Torati 26:14. Mwisraeli akileta zaka alitakiwa atamke mbele za Bwana kwamba hakutoa chochote katika hiyo kwa ajili ya mfu. Kwa nini alazimishwe kutamka? Kwa sababu majirani walikuwa wakifanya hivyo, na yeye mwenyewe alikuwa akitamani. Mtu aliyempenda mama yake hapendi kufikiri kwamba ana njaa mahali fulani. Naielewa huruma hiyo. Ile karatasi ya noti inayochomwa Hunan na ule uchi wa mnazi uliokuwa ukimiminwa kwenye koma huku kwetu vilitoka katika huruma ileile. Lakini wafu hawako mahali ambapo mkono wetu unafika. Tajiri wa Luka 16 aliomba ncha ya kidole chenye maji tu, na jibu alilopewa mnalijua.

Sasa fungueni upande wa pili wa furushi. Ibrahimu aliponunua pango la Makpela kumzika Sara alilipa shekeli 400 za fedha, bila kubishana bei, wala hakukubali kupewa bure. Yakobo alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Raheli. Huyohuyo Yakobo, akiwa anakufa Misri, hakuwaachia wanawe mjadala wowote juu ya mahali atakapolazwa: kule walikolazwa babu na nyanya yake. Daudi aliikusanya mifupa ya Sauli, adui yake, akaizika katika kaburi la baba yake Sauli, na andiko la 2 Samweli 21 linasema baada ya hayo Mungu akasikia maombi kwa ajili ya nchi. Nehemia yuko Shushani, ana kazi nzuri ya serikali, uso umemwanguka mbele ya mfalme. Anaulizwa kisa. Jambo la kwanza analolitaja ni kwamba mji yalipo makaburi ya baba zake umekuwa ukiwa. Watu wa pwani tusiokuwa na hati za mashamba tunapaswa kumwelewa Nehemia kuliko mtu yeyote. Mara ngapi mbele ya afisa wa ardhi ushahidi pekee wa mzee umekuwa ni kunyoosha kidole: babu yangu amelala pale?

Na wale wanawake wa Marko 16 walikwenda kufanya nini alfajiri? Walikwenda kuhudumia kaburi. Walibeba manukato. Mitume walikuwa wamejifungia. Habari ya kufufuka ikawafikia kwanza wale waliokwenda kufanya kazi ya kaburi. Qingming huangukia karibu na Pasaka, na nilimwambia dada hilo kabla hajasafiri: utakuwa umesimama makaburini katika majira yaleyale.

Suala la kuinama lilituchukua muda mrefu zaidi. Ibrahimu aliinama mbele ya wana wa Hethi katika Mwanzo 23 na hakuna aliyesema ameabudu. Kuinama pekee si ibada. Hata Mjapani akikupa risiti anainama. Naamani yule jemadari alimweleza Elisha kwamba bwana wake atamwegemea mkono katika nyumba ya Rimoni na itambidi ainame, na Elisha alimjibu kwa amani. Lakini Paulo naye yuko katika 1 Wakorintho 10: kama mtu amekuambia kitu hiki kimetolewa sadaka, kiache, kwa ajili ya dhamiri yake yule aliyekuambia. Kwa hiyo nilimwambia: ukiamkia wazee walio hai kwa kuinama, inama mpaka mgongo uume. Mbele ya jiwe lenye udi na sahani ya nyama, pale ambapo wao wenyewe wanaona ni kulisha, wewe simama wima kwa adabu. Ung'oe majani. Ufagie. Uweke maua. Umshukuru Mungu kwa sauti kwa ajili ya bibi huyo. Wakristo wengi wa Kichina hufanya hivyohivyo, na Wakorea wana ibada maalum ya ukumbusho waliyoiweka mahali pa matambiko ya zamani.

Msidhani swali hili ni jipya. Ndugu zetu Wakatoliki walipigania jambo hili kwa zaidi ya miaka 200. Mjesuiti Matteo Ricci, aliyefia Beijing mwaka 1610, aliona heshima kwa mababu ni desturi ya nyumbani inayoweza kuvumiliwa. Watawa wa mashirika mengine wakasema ni ibada ya sanamu. Papa Clement XI akapiga marufuku, akathibitisha mwaka 1715. Mfalme Kangxi, ambaye mwaka 1692 alikuwa ameiruhusu imani ya Kikristo, akakasirika akawapiga marufuku wahubiri. Mwaka 1742 Papa mwingine akafunga mjadala kabisa. Mwaka 1939 Papa Pius XII akaufungua, akaruhusu sehemu kubwa ya yale yaliyokatazwa. Mimi si Mkatoliki na sikubaliani na kila walichoruhusu. Ninachotaka mwone ni kwamba watu wenye akili na wenye kumpenda Kristo walikaa kwenye swali hili vizazi na vizazi, na sisi tunataka kulimaliza kwa kelele za dakika tatu na maikrofoni.

Sasa turudi kwetu, maana hapa ndipo penye kidonda.

Mtu akifa huku kwetu tunajua kukesha. Kundi la WhatsApp linafunguliwa, M-Pesa zinaingia, hema, jenereta, pilau, sare za kitambaa kimoja. Vijijini kuna disko matanga mpaka alfajiri, na watoto wa shule wanapotelea humo. Kisha jeneza linashuka, mchanga unarudishwa, na wiki ya pili mbuzi wanalala juu. Ukiuliza kwa nini hakuna anayefyeka, aliyeokoka atakujibu kiroho: "Sisi tumetoka huko, hatujihusishi na mizimu."

Nina mashaka na jibu hilo. Yesu katika Marko 7 aliwakuta watu waliokuwa wakisema mali yao ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasimsaidie baba wala mama. Maneno matakatifu yakawa ukuta wa kujificha. Nyanya wa kuombwa hatumtaki, sawa, hata mimi simtaki. Lakini tangu lini fyekeo likawa tambiko?

Kule Nyali kuna kaburi la Rosine Krapf na mtoto wake mchanga. Walifika Mombasa Mei 1844, yeye na mumewe Ludwig Krapf, na Julai mama akafa. Mumewe akavuka kilima akaanzisha misheni ya Rabai mwaka 1846, na kutoka pale Injili ikatufikia sisi sote hapa, Wapentekoste tukiwa wa mwisho kufika na wa kwanza kupiga kelele. Kaburi lile limetunzwa mpaka leo. Sijamsikia mtu akisema wanaolitunza wanatambika.

Na hili la vigango nalo niliseme, ingawa najua litanigombanisha na wengine. Wagiriama waliwachongea vigango wazee wa chama cha Gohu waliokufa. Siombi kwenye kigango. Lakini kuna mzee aliyeitwa Kalume Mwakiru ambaye alisimamisha vigango viwili kwa ajili ya ndugu zake marehemu. Mwaka 1985 vikaibwa. Vilikuja kugunduliwa Marekani, kimoja katika jumba la makumbusho la Illinois na kingine Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia, na mwaka 2007 vikarudishwa kwa familia. Vigango vingi viliibwa hivyo, na mara nyingi mikono iliyoving'oa ilikuwa ya vijana wa hapahapa, wanatafuta pesa za haraka. Kuna wahubiri waliofurahi kwamba "sanamu zimeondoka". Zimeondoka kwenda sebule za matajiri, ndugu yangu. Kijana anayeng'oa kumbukumbu ya babu yake usiku na kuiuza hajaacha ibada ya sanamu. Amebadilisha tu sanamu akachukua ile yenye picha ya pesa.

Lakini linalonikosesha usingizi zaidi ni wazee walio hai. Miaka michache iliyopita mhubiri mmoja mgeni alisimama katika mkutano wa hadhara si mbali na hapa, akawaambia vijana kwamba kukosa kazi kwao, kukosa ndoa kwao, kumefungwa na mwanamke mzee katika ukoo. Watu wakapiga makofi. Mkutano ulipokwisha nilimfuata nikamwambia: "Mtumishi, unajua hawa wanarudi Kilifi wikendi hii? Unajua wakimwona nyanya yao ana mvi na macho mekundu kwa moshi wa kuni watafikiri nini?" Akanijibu kwamba Roho ndiye aliyempa ujumbe.

Sote tunajua kinachofanyika Kilifi. Wazee wanakatwa mapanga kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ukichunguza nyuma ya uchawi unakuta ekari za shamba. Kaya Godoma, Ganze, wako babu na nyanya waliokimbilia huko kujiokoa na watoto wao wa kuzaa. Mchina wa Hunan anasafiri nusu ya dunia kumwambia nyanya aliyekufa asante, na mjukuu wa Ganze anamtafuta nyanya aliye hai kwa panga. Kisha huyu wa pili anakaa kanisani anamwita wa kwanza mpagani. Paulo alimwandikia Timotheo, 1 Timotheo 5:4, kwamba watoto na wajukuu wajifunze kwanza kuonyesha utauwa wao nyumbani, kwa kuwalipa wazazi wao. Aliwataja wajukuu waziwazi. Na Timotheo mwenyewe alikuwa amelelewa katika imani ya nyanya yake, Loisi.

Sasa niwaambie ilivyokuwa. Dada alisafiri. Anasema kaburi liko mlimani kidogo, kati ya mianzi, na mvua ilikuwa imenyesha. Wakwe zake walipowasha udi, yeye hakuinama. Palikuwa na ukimya mbaya. Shangazi mmoja akasema neno ambalo mumewe alikataa kumtafsiria. Basi yeye akafunga leso kiunoni kama mwanamke wa kwetu, akapiga magoti kwenye matope, akaanza kung'oa majani kwa mikono mitupu kuanzia upande wa miguu wa kaburi. Waling'oa wote mwanzoni, lakini wengine walipopumzika yeye aliendelea. Mama mkwe akamtazama kwa muda, akashuka mpaka kwenye gari, akarudi na jozi ya glavu akampa. Halafu naye akachuchumaa kando yake. Walipomaliza, dada akaomba kwa sauti kwa Kigiriama, akimshukuru Mungu kwa mwanamke aliyekula wali mtupu ili mjukuu apate yai. Hakuna aliyeelewa neno hata moja. Mumewe, anasema, alikuwa amewapa mgongo.

Wakarudi Miritini mwishoni mwa Aprili. Siku moja mezani yule bwana akamuuliza mkewe swali dogo: "Na nyanya yako wewe, kaburi wapi?"

Dada huyu pia alilelewa na nyanya, Kaloleni. Hawe wake alifariki Mei 2020. Mombasa na Kilifi zilikuwa zimefungwa, hakuna kutoka wala kuingia, na mazishi yalikuwa ya watu wasiozidi 15. Yeye alikuwa upande huu. Umbali ambao matatu inaumaliza asubuhi moja ulikuwa umekuwa mrefu kama wa Hunan. Barabara zikafunguliwa, miezi ikapita, akaambiwa na akina mama wa maombi (si wa kanisa letu, lakini hata wetu wangeweza kusema hivyo) kwamba aliyeokoka akienda kaburini anafungua mlango wa roho za ukoo. Miaka mitano hakwenda.

Agosti walikwenda watatu, na waliniomba nifuatane nao. Ami yake alitupokea vizuri, akatutolea viti na madafu. Tulipouliza kaburi akazunguka na maneno kidogo, kisha akatupeleka nyuma ya nyumba, kwenye shamba la mihogo. Akasema ni hapa hapa. Wapi hasa? Akaonyesha kwa mkono, hapa hapa. Udongo ulikuwa umeshuka, hapakuwa na jiwe wala mti uliochomekwa, na mihogo ilikuwa imekomaa. Dada akasimama katikati ya ile mihogo akaanza kulia kwa sauti ya juu, kilio cha matanga chenyewe, kilio cha miaka mitano.

Mama mmoja jirani, mzee kabisa, alisikia kilio akaja na fimbo yake. Alikuwa mmoja wa wale 15. Alihesabu hatua kutoka kwenye mkorosho, akapiga fimbo chini: kichwa hiki hapa, miguu inaelekea kule. Yule bwana Mchina akavua viatu, akaingia pale akapima kwa hatua zake, akachomeka vijiti vinne. Halafu akamwomba ami jembe. Ami akasita, unajua tena mihogo ni chakula, kisha akaenda akaleta majembe mawili, moja akalishika mwenyewe.

Hatukuchoma kitu. Hatukumimina kitu. Waling'oa mihogo, wakapandisha udongo, na Jumamosi iliyofuata wakarudi na mifuko miwili ya saruji. Mtoto ndiye aliyeandika jina kwa msumari kwenye saruji mbichi, herufi moja imegeuka kinyume, wakaiacha hivyo. Akauliza huyu alikuwa nani. Mama yake akamsimulia kwamba alikuwa akisuka makuti mpaka vidole vinapasuka, akiyapeleka Mazeras kuyauza, ili yeye alipiwe karo amalize darasa la nane. Mtoto akauliza kama huyu naye alikuwa akiwapa watu yai. Baba yake akamjibu kwa Kichina na sikujua alisema nini.

Tangazo sasa. Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, yeyote ambaye ana babu au nyanya aliyezikwa kati ya Mazeras, Rabai na Kaloleni, na hajafika kule zaidi ya mwaka, aje tufuatane. Matatu itaondoka kanisani saa kumi na mbili asubuhi, nauli kila mtu ajilipie. Njoo na fyekeo au panga, maji ya kunywa, na mtoto mmoja angalau aliye na umri wa kusikiliza. Ubani acheni nyumbani. Wale ambao babu na nyanya zao wako hai bado, ninyi hamna haja ya gari langu. Pandeni lenu mwende leo, na msiende mikono mitupu.